Cheche zinaruka, moto hauwaki: jibu kwa mwalimu wa skauti wa Tanga

Swali: Mimi ni mwalimu mlezi wa skauti hapa Tanga. Nimenunua fimbo ya cheche, ile nyeusi inayokuja na kipande cha chuma cha kukwangulia. Najaribu nyumbani, uani. Cheche zinaruka nyingi tu, lakini pamba ya duka la dawa haishiki, na ikishika inazimika kabla sijaleta kijiti. Nimejaribu pia tupa kuukuu na jiwe jeupe, sikupata kitu. Vijana wangu hawana uwezo wa kununua viwashio vya dukani. Tutengeneze vipi vya kwetu, na mazoezi tuyafanyie wapi bila kuleta balaa?

Jibu: Mwalimu, kwa maelezo yako fimbo ni nzima. Kasoro iko pale cheche inapotua. Cheche ina joto kali sana lakini yenyewe ni ndogo mno, na inakufa ndani ya sekunde moja. Katika muda huo lazima ikute uzi mwembamba, mkavu, uliozungukwa na hewa. Pamba ikitoka kwenye pakiti imebanwa, hivyo cheche inagusa nyuzi nyingi kwa mpigo, joto linagawanyika na hakuna uzi hata mmoja unaofikia kiwango cha kuwaka. Ukilielewa hilo utaweza kukipima kiwashio chochote kwa macho kabla hujapoteza jasho lako.

Tupa na jiwe ni habari nyingine kabisa. Cheche zake ni dhaifu kuliko za fimbo na haziwashi pamba hata ungepiga mpaka jioni. Zinahitaji kitambaa kilichogeuzwa mkaa, ambacho nitakueleza mbele. Tafadhali usiwafundishe vijana mambo haya mawili siku moja; watachanganya viwashio na watakata tamaa.

Fimbo na mkono

Fimbo hiyo ni ferosiriamu: mchanganyiko wa chuma na seriamu, lanthanamu na metali nyingine za jamii hiyo. Ni uvumbuzi wa mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, wa mwaka 1903, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya kiberiti cha gesi, kile kijiwe kinachosuguliwa na gurudumu. Seriamu hushika moto hewani kwa joto lisilofika nyuzi 200 za Selsiasi, ndiyo maana msuguano wa kukwangua peke yake unatosha. Punje ikishawaka, joto lake linaweza kufika karibu nyuzi 3,000.

Angalia kwanza kama umeondoa rangi nyeusi. Imepakwa ili fimbo isiliwe na hewa ikiwa dukani, na hapo ilipobaki hutoa cheche hafifu. Chagua upande mmoja, ukwangue kutoka juu hadi chini mpaka uone metali ya kijivu inayong'aa.

Kisha kikwanguo. Kinachofanya kazi ni kona kali ya pembe mraba, si makali ya kisu. Vipande vinavyouzwa pamoja na fimbo mara nyingi kona zake ni butu tangu kiwandani. Tafuta msumeno wa kukatia chuma uliovunjika, chukua kipande cha sentimita 8, unoe mgongo wake kwa tupa mpaka kona ikwangue ukucha ukaona unga mweupe. Upande wa meno uzungushie utepe wa kunata au kitambaa ili usikate vidole. Kikwanguo hicho cha bure hushinda vingi vya kununua.

Halafu mkono, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukikwangua haraka na juu juu unapata cheche nyingi za kupendeza macho, ila ni vumbi tu linalozimika hewani. Bonyeza kwa nguvu, kwangua polepole, tumia urefu wote wa fimbo. Utaona cheche zimepungua lakini zimekuwa nene, zinadondoka na kuendelea kuwaka chini. Hizo ndizo unazozitaka. Weka ncha ya fimbo karibu kabisa na kiwashio, shika kikwanguo kikiwa kimeinama nyuzi 45 hivi na kimetulia hapo hapo, kisha vuta fimbo kuja kwako. Ukisukuma kikwanguo mbele badala ya kuvuta fimbo nyuma, mkono unakwenda kugonga kiwashio ulichokipanga na kukitawanya.

Kwa kijana asiye na fimbo, kiberiti cha gesi kilichoisha kinatosha kujifunzia. Hakikisha kimeisha kweli: ukibonyeza usisikie mlio wala harufu. Ng'oa kile kibati cha juu kinachozuia upepo ili gurudumu libaki wazi. Zungusha gurudumu polepole sana kwa kidole gumba juu ya pamba iliyochambuliwa. Litakwangua unga mweusi wa kijiwe bila kutoa cheche. Fanya hivyo mara ishirini hivi, unga ulundikane mahali pamoja, kisha zungusha kwa nguvu mara moja karibu kabisa na ule unga. Unalipuka kwa mwanga mkali na pamba inashika. Uso uwe mbali.

Pamba na mafuta ya mgando

Pamba yako inazimika mapema kwa sababu pamba tupu haina akiba. Nyuzi nyembamba zinazoipa cheche nafasi ndizo zinazoisha ndani ya sekunde chache. Dawa yake ni mafuta ya mgando, yale ya kupaka mwilini yatokanayo na mafuta ghafi, yasiyo na maji ndani. Losheni haifai, ina maji.

Chukua donge la pamba lenye ukubwa wa yai na nusu kijiko cha chai cha mafuta. Paka nusu moja ya donge, ukikanda kwa vidole mpaka mafuta yaingie katikati, na nusu ya pili iache kavu kabisa. Wakati wa kuwasha, vuta ile nusu kavu pande zote mpaka uone mwanga ukipita kati ya nyuzi. Cheche inashika sehemu kavu, moto unahamia kwenye yenye mafuta, na hapo pamba inageuka utambi: nyuzi zenyewe haziliki upesi, kinachowaka ni mvuke wa mafuta. Donge moja litakupa dakika tatu hadi tano za mwali. Kosa la kawaida ni kulowesha donge zima, na hapo cheche inatua kwenye mafuta ya baridi na kufa. Kama umeshatengeneza ya namna hiyo usiyatupe. Pachika kishungi cha pamba kavu juu yake.

Hakikisha pia kwamba pamba ni pamba. Choma uzi mmoja kwa njiti ya kiberiti. Pamba halisi inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Ya kutengenezwa inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi, na tone hilo likidondokea ngozi halitoki kirahisi.

Mafuta ya taa, petroli na spiriti visikaribie zoezi hili. Mvuke wa petroli unatambaa chini na kushika moto mita kadhaa kutoka ulipomwaga, na mwali wa spiriti au vitakasa mikono hauonekani vizuri juani, mtoto anaweza kuweka mkono ndani yake bila kujua.

Umesema kijiti kinachelewa. Basi vijiti vitangulie. Kabla hujagusa fimbo, panga kando yako vijiti vikavu vya unene wa njiti ya kiberiti, konzi mbili zilizojaa, halafu vya unene wa penseli konzi mbili, halafu vya unene wa kidole gumba. Urefu wa sentimita 15 hadi 20 unatosha kwa mazoezi. Weka kijiti kimoja kinene kama egemeo, kiwashio chini yake, na mwali ukitokea egemeza vile vyembamba kabisa juu yake, vichache vichache, ukiacha hewa ipite. Vya penseli vingoje mpaka vya njiti vivume vyenyewe. Anayekimbilia kijiti kikubwa anauzima moto kwa mkono wake.

Vya bure vinavyowazunguka

Tanga mna bahati, maana katani, makumbi na sufi vyote viko karibu. Lakini kila kimoja kina kazi yake, na sababu ni unene. Uzi wa pamba una kipenyo cha milimita 0.01 hadi 0.02. Uzi wa katani au wa kumbi la nazi ni milimita 0.1 hadi 0.3, yaani mara kumi au zaidi. Kwa hiyo katani nzima nzima haishiki cheche. Lazima uisage kwanza.

Chukua kamba ya katani isiyopakwa rangi, kata vipande vya sentimita 7, fumua msokoto mpaka ubaki na nyuzi tupu. Zilaze juu ya ubao, simamisha kisu wima na uzikwaruze kwa kuvuta upande mmoja, tena na tena, ukigeuza. Zitaanza kutoa manyoya laini ya kijivu. Yakusanye, na yale yaliyodondoka ubaoni usiyaache, ndiyo bora kuliko yote. Kwa kiwashio kimoja fanya vipande vitano au sita. Viringisha nyuzi ndefu kuwa kitanzi, kisha weka manyoya katikati: manyoya yanadaka cheche, nyuzi ndefu zinaubeba mwali. Kati ya vitu vyote vya bure, hiki ndicho ningekuchagulia kuwa somo la kwanza la vijana baada ya pamba, kwa sababu kinawalazimisha kufanya kazi ya maandalizi, na matokeo yanaonyesha wazi nani alikwaruza na nani alilegea.

Makumbi yachague ya nazi iliyokomaa na kukauka juani, si dafu. Ponda kwa mchi juu ya jiwe, kisha yasugue kati ya viganja. Zitatoka nyuzi, na chini utabaki unga wa kahawia. Nyuzi zinafaa kutengeneza kiota cha kupokea kaa la moto, zikiwa nene nje na zilizosuguliwa sana ndani. Ule unga hauwaki mwali. Unafukuta polepole kwa muda mrefu, hivyo unasaidia kulilea kaa dhaifu, na kwa sababu hiyo hiyo ni hatari, kama nitakavyosema. Usumba wa kusokotea kamba uliozikwa kwenye matope ya pwani uuepuke, au uuoshe kwa maji baridi ya bomba na kuuanika upya: chumvi iliyobaki ndani hunyonya unyevu wa hewa kila usiku.

Sufi inalipuka. Uzi wake una uwazi ndani na nta kidogo nje, hivyo haushiki maji lakini unashika cheche upesi kupita kiasi, kisha ndani ya sekunde mbili tatu hakuna kitu. Itumie kama daraja tu: weka kishungi kidogo juu ya manyoya ya katani, nacho kitahamisha moto. Usishike fungu zima mkononi, na usiifanyie kazi kwenye upepo, kwani vipande vinavyowaka vinapeperuka.

Unyevu wa pwani unastahili kuangaliwa kwa uzito wake. Hata pamba inayoonekana kavu hubeba maji: katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hushika takribani asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu, na Tanga hewa huzidi hapo mara nyingi, hasa usiku na msimu wa masika. Cheche lazima iyachemshe maji hayo kwanza. Anika viwashio juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, juu ya bati, vimetandazwa. Kisha, vikiwa bado na joto, vitie kwenye kopo au chupa ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ukisubiri mpaka magharibi ndipo uvikusanye, umerudi ulikoanzia. Vijana wengi watasema mbinu imeshindikana, kumbe kiwashio kililala nje.

Mahali pa mazoezi

Iwe nje, juu ya udongo au saruji, angalau mita tano kutoka ukuta wenye dirisha, paa la makuti, majani makavu, kamba ya kuanikia nguo na mtungi wa gesi. Ukumbi wa darasa, veranda na jikoni havifai. Tumia karai la chuma la zege lenye mchanga wa kina cha sentimita 5. Kiwashio kikae juu ya mchanga. Pembeni weka ndoo ya lita 10 iliyojaa maji na nyingine ya mchanga, zikiwa pale kabla ya cheche ya kwanza. Asubuhi ni bora, upepo wa bahari ukiwa haujaanza.

Skafu ya skauti ivuliwe, hata kama inapendeza. Traksuti za nailoni zibaki nyumbani, zinayeyukia ngozi. Wasichana wenye rasta za nywele za bandia wazifunge nyuma kwa kitambaa cha pamba, maana nywele hizo nazo zinayeyuka. Karai moja, moto mmoja, kijana mmoja anapiga na mwenzake amesimama kwenye ndoo, na mtu mzima anawaona wote wawili. Makarai mengi kuliko macho ya watu wazima usiyaruhusu.

Mtu akiungua, poza sehemu hiyo kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu. Vua pete na saa kabla hajavimba. Dawa ya meno, mafuta, asali na yai visipakwe. Malengelenge makubwa, au kuungua uso, mikono au viungo, ni safari ya zahanati mara moja.

Kuzima nako ni somo. Mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto, moto bado haujazima. Unga wa makumbi unaweza kufukuta ndani bila moshi wa kuonekana, halafu upepo wa mchana ukauamsha. Usitupe mabaki jalalani siku hiyo hiyo. Yaache kwenye karai lenye maji mpaka kesho. Na ukiwapeleka vijana milimani baadaye, ujuzi huu haukupi ruhusa: ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, kwa mfano, moto wa kuni hauruhusiwi, na moto wa Oktoba 2020 uliounguza eneo kubwa la mlima ule unatosha kueleza kwa nini. Kwenye msitu wa hifadhi wowote uliza kwanza.

Kitambaa cha mkaa

Sasa tuje kwenye tupa. Kabla ya kupiga chuma unahitaji kitambaa cha pamba kilichopikwa bila hewa. Joto linafukuza maji na mivuke yote, linabaki kaboni tupu lenye umbo la nyuzi. Kaboni hiyo inadaka cheche dhaifu na kuilea bila mwali, kama duara jekundu linalotanuka.

Tafuta kopo la bati lenye mfuniko unaobana, kwa mfano la dawa ya viatu. Lioshe kwa sabuni mpaka nta iishe, toboa tundu moja la milimita 2 kwenye mfuniko kwa msumari mdogo, kisha lichome tupu kwenye jiko la mkaa nje kwa dakika kumi ili rangi iungue. Usiwahi kutumia kopo la dawa ya kupuliza.

Kitambaa kiwe pamba kamili. Kipime kwa uzi na njiti kama nilivyosema, kwa sababu khanga na vitenge vingi sokoni vina polyesta, navyo vitayeyuka kuwa gamba. Khanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, inadaka cheche haraka lakini kaa lake halikai. Weka vipande viwili pamoja. Jinzi inachelewa kudaka ila kaa lake linakaa. Kata vipande vya mraba vya sentimita 4, vipange kumi au kumi na mbili vikiwa vimelegea, funika.

Weka kopo juu ya makaa mekundu yasiyo na mwali, nje kabisa, maana moshi utakaotoka una sumu. Ndani ya dakika chache utaona moshi mweupe ukitoka kwenye tundu. Ukishika moto pale tunduni usiogope, ni mivuke inaungua. Katikati geuza kopo kwa koleo ili juu nako kuive. Moshi ukipungua mpaka uzi mwembamba na kukoma, kwa kawaida dakika 10 hadi 20 kutegemea kopo na jiko, limeiva. Litoe, liweke kwenye mchanga, na papo hapo ziba tundu kwa njiti au msumari. Ukiacha wazi, kopo likipoa linavuta hewa ndani na kitambaa kinajila chenyewe. Sasa subiri. Usifungue mpaka kopo liwe baridi mkononi, nusu saa au zaidi. Ukifungua la moto, hewa inaingia na fungu lote linageuka jekundu mbele ya macho yako.

Kilichoiva ni cheusi pote, chepesi, unaweza kukiinua bila kuvunjika lakini kinachanika kwa urahisi. Chenye rangi ya kahawia hakijaiva: rudisha dakika tano. Kinachosagika kuwa unga kimezidi, au kopo lilikuwa linavuja hewa pembeni. Kijaribu kwa cheche moja ya fimbo. Doa jekundu lisipotanuka lenyewe, hata jiwe bora duniani halitakusaidia. Kihifadhi kwenye kopo kavu, kwa sababu nacho hunyonya unyevu.

Kuna njia fupi: utambi mpya wa pamba wa jiko la mafuta ya taa, ambao haujaguswa na mafuta. Uwashe ncha kwa kiberiti mpaka sentimita moja iwe nyeusi, kisha uzime kwa kuuvuta ndani ya kipande cha bomba la chuma unakopita kwa kubana. Ncha ile nyeusi inadaka cheche, na ukimaliza unauvuta tena ndani ukose hewa. Utambi mmoja unatumika muda mrefu.

Kwa nini jiwe lako halikutoa kitu

Jiwe jeupe la Tanga nina shaka nalo. Mengi ya pwani yanatokana na matumbawe, yaani chokaa, ambayo ugumu wake ni 3 tu kwenye kipimo cha Mohs, kile cha kupimia ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Unahitaji kwazi, madini magumu yanayofanana na kioo, au gumegume, jiwe la kutolea cheche, ugumu 7. Pima kwa chupa ya soda: kwazi inachora kioo mkwaruzo unaobaki ukifuta kwa maji, chokaa inaacha unga tu. Au saga ncha kidogo, tia tone la siki juu ya unga. Ukitoa povu ni chokaa, litupe. Kokoto nyeupe zinazopitisha mwanga kidogo, za mito inayoshuka kutoka Usambara, zina nafasi nzuri zaidi.

Kokoto ya duara haifai ilivyo. Ivunje: ifunge ndani ya gunia, vaa miwani, gonga kwa nyundo, chagua kipande chenye ukingo mkali na bapa la kushikia. Anayepiga naye avae miwani, kwani vigae vya jiwe vinaruka.

Tupa ni chaguo zuri, ina kaboni karibu asilimia 1 na imekazwa. Msumari au nondo havina kaboni ya kutosha na havitoi cheche, na visu vingi visivyoshika kutu navyo havifai. Lakini meno ya tupa yanalisaga jiwe bila kukwangua chuma. Saga ukingo mmoja mwembamba kwenye jiwe la kunolea la umeme mpaka uwe laini, ukichovya kwenye maji kila sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya bluu umekilainisha, na cheche zimekwenda. Huenda tupa yako tayari ina ukingo usio na meno; kama upo, anzia huo.

Shika jiwe kwa mkono wa kushoto, ukingo mkali ukielekea kulia na umeinama juu kidogo. Laza kitambaa cha mkaa juu ya jiwe, mwisho wake ukae milimita 1 au 2 nyuma ya ukingo, ukikibana kwa kidole gumba. Piga tupa kwenda chini, ukiparuza ukingo wa jiwe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, si kugonga. Kinachowaka ni chuma kilichokwanguliwa na jiwe, kanuni ile ile ya bunduki za gumegume. Cheche za rangi ya machungwa zitarukia juu, moja itatua. Zisipotoka kabisa, badilisha pembe kwanza. Zikitoka mwanzo kisha zikakata, ukingo umekufa. Gonga upya kipande kidogo upate mkali. Zikitua na kitambaa kisishike, kitambaa ni kibichi au kina unyevu.

Doa jekundu likionekana usikimbilie kupuliza. Liache litanuke mpaka ukubwa wa punje ya mahindi, kisha weka kitambaa katikati ya kiota: makumbi nje, manyoya ya katani ndani, jumla ya ukubwa wa ngumi mbili. Kikunje kaa liguse manyoya pande zote bila kulibana. Sasa puliza pumzi ndefu na nyembamba, kiota kikiwa juu kidogo ya usawa wa macho na upepo mgongoni mwako, ili moshi uende mbele. Vuta pumzi ukiwa umegeuza uso. Moshi utakuwa mwembamba, kisha mweupe na mzito, kisha ghafla mwali. Papo hapo kiweke kwenye karai chini ya vijiti vilivyokwisha pangwa. Vijana wadogo wasishike kiota. Kiwe kimelazwa kwenye mchanga na wapulize kwa bomba refu la mwanzi.

Moshi ukiwa mwingi na mwali haujaja baada ya dakika moja, mara nyingi nyuzi za ndani ni nene mno au umezibana. Fungua kidogo, ongeza manyoya, au weka kile kishungi cha sufi juu ya kaa. Moshi ukififia, kaa limekula njia yake na kutoka nje ya manyoya. Kunja upya upande huo.

Na fimbo yako ya ferosiriamu ukishaiondolea rangi, hewa ya chumvi ya Tanga itaila. Utaona unga mweupe au kijivu juu yake, na ikiachwa miezi inaweza kumomonyoka. Kila baada ya mazoezi ifute ikauke, paka mafuta ya mgando kidogo sana au rangi ya kucha isiyo na rangi, na usiifungie kwenye mfuko wenye unyevu pamoja na skafu iliyoloa jasho. Siku ya kuitumia, kwangua mara mbili tatu pembeni kwanza kuondoa mafuta, ndipo uielekeze kwenye kiwashio.